Mhusika asiye na baba: majina katika tamthilia za Pwani

Ukifuatilia tamthilia za Kiswahili zinazotengenezwa huku Pwani ya Kenya, utaona majina ya wahusika yanabadilika polepole. Mganga hapewi tena jina la Kigiriama kwa wepesi ule wa zamani. Tajiri mkatili haitwi tena Abubakar wala Athman. Mahali pake tunaletewa majina mafupi yasiyo na kwao, Zuri, Jabari, Tamara, Malaika, ambayo mwenyewe angeweza kuwa mtu wa Nyali, wa Nakuru au wa mji wowote. Wengi wanasifu, wakisema watu wa Pwani walilalamika na hatimaye wamesikizwa. Mimi naona sifa hizo zimekuja mapema. Malalamiko yalikuwa ya haki, lakini jibu lililotolewa si lake. Shida haijawahi kuwa kwamba mtu mbaya ana jina la Pwani. Shida ni kwamba majina ya Pwani ni machache mno katika tamthilia zinazodai kuwa za Pwani, na hata hayo machache yanatolewa bila baba, bila babu na bila mtaa. Kuyapunguza zaidi kunaiongeza shida ileile.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wanaobishana juu ya majina mara nyingi hawaijui. Mwandishi wa tamthilia hachagui jina jinsi mzazi anavyochagua. Mzazi ana mtoto mmoja mkononi. Mwandishi ana watu ishirini au thelathini, na wote wanapaswa kutambulikana upesi na mtazamaji aliye jikoni, anayesikia zaidi ya anavyoona. Ndiyo maana waandishi wa runinga huepuka kuwapa wahusika wakuu wawili majina yanayoanza kwa sauti moja, na katika vipindi vya kwanza huwafanya watu waitane kwa majina kuliko ilivyo kawaida. Tena, kwa tamthilia inayorushwa usiku baada ya usiku, jina la mhusika mkuu mara nyingi ndilo jina la kipindi. Citizen TV ilirusha Maria kuanzia 2019, ikafuata Zora 2021, kisha Sultana 2022. Yote ni majina mafupi, yanayokaa vizuri kwenye bango na yasiyomtatiza mtazamaji wa Kisumu wala wa Kitui. Hapo sina neno. Neno langu ni pale kanuni ya jina la bango inapotumiwa kwa kila mtu, hadi kwa bibi anayeuza mahamri na kwa kuli wa Kilindini.

Kanuni ya sauti nayo inakuja na ugumu wake huku kwetu. Nyumba moja ya Majengo inaweza kuwa na Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanakombo chini ya paa moja. Mwandishi mgeni akiiona orodha hiyo atawafuta watatu, asije akamchanganya mtazamaji. Mwenyeji hawafuti, kwa kuwa anajua hakuna anayeitwa hivyo kutwa. Abdalla ni Dulla, Mohamed ni Mudi, Ramadhani ni Rama, Khadija ni Dija. Jina kamili lina wakati wake na mtu wake: maalim wa chuo cha Kurani anaposoma mahudhurio, karani anapojaza fomu, mama anapokuwa amekasirika. Mwandishi anayejua hilo anapata vitu viwili kwa jina moja. Anapata wepesi wa sauti, na anapata ishara ya uhusiano bila kupoteza sentensi hata moja ya maelezo. Siku mke anapoacha kumwita mumewe Dulla na kumwita Abdalla, mtazamaji wa Mombasa ameshaelewa kuna jambo.

Umri pia husomeka katika jina. Waandishi wa Marekani wana msaada mkubwa hapo: shirika lao la hifadhi ya jamii hutangaza majina ya watoto waliozaliwa kila mwaka, kurudi nyuma hadi 1880, kwa hiyo anayeandika juu ya bibi wa miaka themanini anaweza kuona wenzake waliitwa nani. Sisi hatuna orodha ya namna hiyo, lakini mwenye macho anaiona mitaani. Mabibi wa Mji wa Kale na Kisauni ni kina Mwanakombo, Mwanamkuu na Mwanaidi. Binti zao ni kina Zuhura, Rehema na Fatma. Wajukuu sasa ni Ilham, Hanan, Nasrin, Sumayya. Kwa wanaume umetoka kwa Kombo, Shee na Mwinyihaji, ukapita kwa Omari na Swaleh, ukafika kwa Imran na Zayd. Majina haya yakipangwa vizuri yanakuonyesha miaka sitini ya mji, jinsi ladha ilivyohama na jinsi familia zilivyotaka kuonekana. Tamthilia inayompa bibi na mjukuu majina ya rika moja imeutupa utajiri huo wote, na sioni imepata nini badala yake.

Lakini umri ni kidogo ukilinganisha na ukoo. Kwa Wagiriama, jina la babu humrudia mjukuu. Kazungu Charo humzaa Charo Kazungu, na huyu naye humzaa Kazungu Charo. Mama ambaye mwanawe amechukua jina la baba mkwe wake, mara nyingi hathubutu kulitamka hivi hivi. Humwita mtoto "baba", na bibi humtania mjukuu huyohuyo kwa kumwita "mume wangu". Kwa Waswahili, mke wa heshima hamwiti mumewe kwa jina mbele ya mavyaa wake. Atasema baba Ali, au baba watoto. Mwanamke mwenye watoto ni mama fulani kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na desturi hiyo ni pana kuliko Waislamu wa mjini: shujaa anayetajwa kuliko wote katika historia ya Pwani, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, alizaliwa Mnyazi wa Menza, na tunamjua kama Mekatilili, yaani mama wa Katilili, kwa sababu ya mtoto. Sasa tazama tamthilia yoyote jioni ya leo, uone bibi arusi wa jana anavyosimama ukumbini akamwita mumewe "Salim!" kwa sauti kuu, mamake Salim ameketi hapo hapo. Kuchagua jina ni pamoja na kuchagua nani ana ruhusa ya kulitamka.

Shangazi yangu wa Majengo, kila mhusika mpya akitokea kwenye skrini, huuliza swali lilelile: "Huyu mwana wa nani?" Jibu huwa halipo. Nalitaja hili kwa sababu linaugusa moyo wa tamthilia hizi. Visa vyao vipendwavyo zaidi ni vya nasaba: mtoto aliyebadilishwa hospitalini, baba aliyefichwa, wachumba wawili wanaogundua ni ndugu. Visa kama hivyo, katika mji ambao mtu huitwa Ali Omar Salim na kila jina ni la mzee aliyetangulia, vinapaswa kukwama au kulipuka kwenye jina. Fikiria akdi ya nikahi. Walii, msimamizi wa bibi arusi, ameketi mbele ya kadhi, mashahidi wapo, na lazima bibi arusi atajwe kwa jina na la babake, fulani binti fulani. Kama baba si baba, basi mtu mmoja katika chumba kile anajua kwamba jina linalotajwa si la kweli, na anaamua anyamaze au aseme. Sijui tukio kubwa kuliko hilo ambalo mwandishi angeweza kulitaka. Na linampotea kwa sababu moja tu, kwamba tangu kipindi cha kwanza hakuna mhusika aliyepewa jina la pili.

Sasa nije kwa hoja ya wanaotetea majina yasiyo na kwao, maana wana hoja nzito na haifai kuipita mbio. Jina katika nchi hii halijawahi kuwa sauti tu. Kwa miaka mingi Mkenya mwenye jina la Kiislamu alipokwenda kuomba kitambulisho alipigwa msasa wa ziada, akatakiwa kuleta vyeti vya wazazi na hata vya mababu, wakati mwenzake alijaza fomu akaondoka. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa huo, na ukubwa wa shangwe katika kaunti za mpakani ulionyesha ukubwa wa jeraha. Kijana wa Likoni au Majengo anayesimamishwa na polisi usiku anajua kitambulisho kikishasomwa mazungumzo yanaweza kubadilika. Katika hali hiyo, mwandishi anayempa kila mlanguzi na kila gaidi jina la Abubakar anaongeza uzito juu ya bega lililokwisha kulemewa. Upande wa Mijikenda, yaani Wagiriama na jamaa zao, ni hivyo hivyo. Kazungu amekuwa bawabu, Kadzo amekuwa yaya, na mzee wa Kilifi amekuwa mchawi, mara nyingi mno kwa mtu kuamini kwamba ni bahati tu. Anayesema "basi tuyaache majina hayo" anasema kwa uchungu, na uchungu huo nauheshimu.

Hata hivyo, angalia kinachobaki baada ya kuyaacha. Bawabu bado yupo langoni, ameondolewa jina tu. Mganga bado anavaa kaniki, bado anaongea kwa lafudhi ya Kaloleni, bado kibanda chake kimezungukwa na minazi. Mtazamaji haulizi ni wa wapi, amekwisha kuambiwa na kila kitu kingine. Dharau imebaki nzima, na kilichofutwa ni kile kimoja ambacho kingemfanya awe mtu mwenye watu. Na majina yanayoletwa mahali pa yale ya zamani hayakutoka popote karibu nasi. Zuri na Jabari yana historia ya heshima huko Marekani, ambako watu weusi waliokatwa na majina ya mababu zao walikitafuta Kiswahili kwa makusudi. Mwaka 1966 watungaji wa Star Trek, tamthilia ya runinga ya Marekani, walimpa afisa wao jina la Uhura, lililotokana na uhuru, nalo likawa fahari kwa wengi. Kule lilikuwa tendo la kurudisha kilichopotea. Huku kwetu majina hayajapotea. Yamo kwenye madaftari ya chuo, kwenye kadi za harusi, kwenye matangazo ya mazishi. Kwenda kuyaazima ng'ambo ilhali yetu yapo sebuleni ni jambo linalonihuzunisha kwa dhati.

Kuna pia hoja ya sheria, inayopendwa na maprodyuza: jina la kubuni ni salama, hakuna atakayejitokeza kudai fidia. Historia inasema kinyume. Mwaka 1908 gazeti la Sunday Chronicle la Uingereza lilichapisha makala ya kubuni juu ya bwana mmoja aliyeonekana Ufaransa na mwanamke asiye mkewe. Mwandishi alimpa jina la ajabu ambalo alidhani halina mwenyewe, Artemus Jones. Alikuwapo wakili halisi, Thomas Artemus Jones. Alishtaki, akapewa fidia ya pauni 1,750, na mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikakataa kuiondoa. Kwamba mwandishi hakumkusudia hakukumsaidia. Mwaka 1934 kampuni ya MGM ilishindwa mjini London katika kesi ya filamu yake juu ya Rasputin, yule Mrusi aliyekuwa karibu na familia ya kifalme ya Urusi. Binti mfalme aliyemo katika filamu hiyo alikuwa amebadilishwa jina na kuitwa Natasha, lakini Irina Youssoupoff, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliomuua Rasputin, alisema watazamaji wanamwona yeye, na akapata pauni 25,000. Ile kauli ya "mfanano wowote na mtu halisi ni wa bahati" ilienea katika filamu baada ya kesi hiyo. Sheria yetu ya kashfa imejengwa juu ya misingi ya Kiingereza, kwa hiyo kesi hizi hazipo mbali nasi kama zinavyoonekana.

Kesi hizo mbili, zikisomwa pamoja, zinafundisha jambo ambalo maprodyuza wetu hawajalitilia maanani. Jina la ajabu likimpata mwenyewe, humpata mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mlalamishi. Na kubadilisha jina hakukufichi iwapo kazi, ndoa na mtaa wa mhusika vyote vinaelekeza kwa mtu mmoja. Ndiyo sababu wanaokagua miswada huko Marekani huridhika na jina lisilo na mtu au lenye watu wengi, na hukataa lile lenye mmoja au wawili. Kwa kipimo hicho, Ali Omar wa Mombasa, katika kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019, amejificha vizuri kuliko Jabari yeyote. Fatma Salim vilevile, na Kazungu Charo. Hatari halisi huku kwetu ni jina la ukoo mdogo wa Mji wa Kale likiambatana na duka la dhahabu na mtaa wa Kibokoni, kwa sababu hapo umeshautaja mlango wa mtu. Jina la wengi ni salama kisheria na ni la kweli kimaisha. Mara chache mambo hayo mawili huelekea upande mmoja, nasi tumeyapa kisogo yote mawili.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba hizi ni hadithi tu, na jina ni jina. Anayesema hivyo amsahau kwanza Mzee Ojwang'. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Kwa miongo mingi katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi aliigiza mzee Mjaluo, na alipofariki Julai 2015 taifa lilimlilia Ojwang', wengine wakishangaa kusikia jina lake la kuzaliwa kwa mara ya kwanza. Mwigizaji Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, nchi ilisema Papa Shirandula, mhusika wake wa runingani, amekufa. Jina la kwenye skrini lina nguvu ya kummeza mtu aliyelivaa, akiwa hai na baada yake. Nguvu hiyo hiyo ikielekezwa kwa jamii nzima, kwa jina lilelile kupewa bawabu mwaka baada ya mwaka, haiwezi kuwa kitu bure. Tena, kama jina halina maana, mbona watetezi hao hao wanafanya haraka kulibadilisha pindi malalamiko yanapoanza?

Kinachomwumiza Kazungu ni upweke wake ndani ya hadithi. Kukiwa na Mgiriama mmoja tu katika tamthilia ya wahusika thelathini, kila anachofanya kinakuwa cha Wagiriama wote: akiiba, wote wameiba, akilewa, wote walevi. Weka watano. Mmoja awe bawabu, kwa sababu mabawabu wapo na kazi yao ni ya halali. Mwingine awe rubani wa meli anayeziingiza Kilindini, mwingine mwalimu wa fizikia Rabai, mwingine wakili mjanja asiyeaminika, mwingine bibi Kadzo mwenye shamba analokataa kuuza. Hapo bawabu anakuwa bawabu tu, na wakili anaweza kuwa mbaya kadiri ya mahitaji ya kisa bila jamii kuhukumiwa naye. Kwa Abubakar ni vivyo hivyo: mlanguzi anayeitwa Abubakar katika hadithi ambayo inspekta anayemsaka ni Mwanahamisi, jirani aliyempa habari ni Athman, na imamu anayemkanya ni Omari, hamsingizii mtu yeyote. Na Wadigo, Waduruma, Wataita, Wapokomo na Wabajuni wana majina ambayo runinga haijayagusa kabisa. Mara ya mwisho nilipomsikia Wakesho au Mwandawiro akiwa mhusika mwenye mapenzi na madeni na ndoto zake, siikumbuki.

Wapo watakaosema mtazamaji wa bara atachanganyikiwa. Sikubali. Mtazamaji huyo huyo amekariri majina ya Kihindi, ya Kituruki na ya Kimeksiko katika tamthilia zilizotafsiriwa, akajua nani mjomba wa nani, akagombana na majirani juu yao. Atashindwaje na Kahindi na Mbeyu, ambao wanaishi saa chache kutoka kwake kwa treni?

Yatokanayo na haya ni ya kikazi kabisa. Orodha ya wahusika isipite mezani ikiwa na jina mojamoja. Kila mtu awe na jina lake, la baba na la babu, hata kama mawili ya mwisho hayatatamkwa kamwe, kwa kuwa mwandishi aliyelazimika kumtafutia mhusika babu atalazimika pia kujua babu huyo alitoka wapi na aliacha nini. Kando ya jina iandikwe nani anamwitaje: mama, mavyaa, rafiki wa maskani, karani. Kisha orodha hiyo isomwe na watu wawili watatu wenye kuyajua majina, mmoja wa mjini, mmoja wa upande wa Kaloleni au Rabai, mmoja wa Kwale, kabla kamera haijawashwa. Ni kazi ya alasiri moja. Kampuni zinazokuja kupiga picha huku tayari zinalipa madereva, wapishi na wenye nyumba. Mzee au bibi anayesahihisha majina alipwe kwa bajeti hiyo hiyo, na majina yake, yote matatu, yatokee mwishoni mwa kipindi pamoja na ya wengine waliofanya kazi.